Mashine Ikitoa Hukumu, Nani Ataulizwa?

Sikio halilali na njaa, na sikio la mwalimu husikia zaidi ya yale linayoyataka. Muhula uliopita nilizuru shule moja ya upili viungani mwa mji wa Karatina. Kabla sijamaliza chai niliyokaribishwa, mwalimu wa Kiingereza alinivuta kando ya chumba cha walimu akanionyesha insha ya msichana wa kidato cha tatu. Ilikuwa insha ya kupendeza: sentensi zimenyooka, aya zimepangika, msamiati umechaguliwa kwa makini. Msichana alikuwa ameitunga wakati wa likizo, akaichapisha kwa kompyuta mjini. Pembezoni mwa karatasi mwalimu alikuwa ameandika neno moja kwa wino mwekundu: "Wizi."

Nilipomwuliza ni nani aliyeibiwa, alinijibu kwamba hakuna aliyeibiwa. Alikuwa ameipitisha insha hiyo katika programu ya kompyuta inayodai kuyatambua maandishi yaliyotungwa na akili unde, nayo programu ikasema kwamba karibu insha nzima ni kazi ya mashine. "Mimi sikumhukumu, Mwalimu," aliniambia. "Ni mashine iliyosema."

Msichana aliitwa. Hakulia wala hakubisha. Aliomba jambo moja tu: "Mwalimu, nipe karatasi niandike nyingine hapa hapa, ukinitazama." Akapewa karatasi na mada mpya, akaketi pembeni akaandika kwa muda wa kipindi kimoja. Mwenzangu akaiingiza insha ya pili katika ile programu, neno kwa neno. Jibu likawa lile lile: imetungwa na mashine. Mwalimu aliyemwona mtoto kwa macho yake mwenyewe akiandika kwa kalamu alibaki ameinama.

Hata hivyo, majuma mawili yalikuwa yamekwisha kupita. Barua ya kumpendekeza msichana huyo kwa ufadhili wa karo ilikuwa imezuiliwa mezani kwa sababu ya lile neno jekundu, na siku ya mwisho ya kuipokea ilikuwa imepita. Mwenzangu aliomba radhi kama muungwana. Lakini radhi haikulipa karo.

Mpenzi msomaji, tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo mataifa makubwa yanajiuliza katika mikutano yao: chombo kisicho na uso kikimhukumu binadamu, nani ataulizwa?

Kosa la mashine au letu?

Nilipofuatilia nilitambua kwamba kisa cha Karatina si cha ajabu. Mnamo 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walizipima programu saba za aina hii kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, programu hizo zilidai kwamba zaidi ya nusu ya insha hizo zilitungwa na mashine. Insha za wanafunzi wa Kimarekani hazikupata balaa hilo.

Sababu yake si fumbo. Programu hizi hupima jinsi neno linalofuata linavyoweza kutabirika. Anayeandika kwa maneno yanayotabirika hushukiwa kuwa mashine, na anayerukaruka huonekana binadamu. Mtu anayeandika kwa lugha aliyojifunza darasani hutumia miundo michache anayoiamini, ile aliyofundishwa kuwa ndiyo sahihi.

Na ni nani aliyemfundisha mtoto wa Mathira kuandika kwa maneno yanayotabirika? Ni sisi. Ni sisi tunaowakaririsha wanafunzi mianzo ya insha, misemo ya kupamba na tamati za kuwafurahisha watahini. Tumewafundisha kuandika kama kinanda kimoja, kisha tunaleta chombo cha kuwaadhibu kwa kuwa sauti zao zinafanana.

Liko na jambo jingine linalokera zaidi. Mnamo Januari 2023, jarida la Time la Marekani lilifichua kwamba kampuni ya OpenAI, iliyounda ChatGPT, ilitegemea vijana walioajiriwa jijini Nairobi kupitia kampuni nyingine kuyasoma na kuyatia alama maandishi machafu kupindukia, ya ubakaji, ya mauaji na ya kudhulumu watoto, ili mashine ijifunze kuyaepuka. Malipo yao hayakufika dola mbili kwa saa. Kijana wa Kenya ameisaidia mashine kuwa na adabu, kisha dada yake wa Karatina anaitwa mwizi kwa sababu adabu ya maandishi yake inafanana na ya mashine!

Gunia lisilojibu

Nyanya yangu, ambaye sasa amelala katika udongo wa Tetu, alipenda kutusimulia habari za Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Wazee wa Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru hawahitaji kukumbushwa. Wanakijiji walipangwa mstari. Mbele yao alisimamishwa mtu aliyefunikwa gunia, lenye matundu mawili tu ya macho. Kwa Kikuyu aliitwa gakunia, yaani kigunia. Kila mtu alipita mbele yake mmoja mmoja. Kigunia akitikisa kichwa namna moja, unarudi nyumbani. Akitikisa namna nyingine, unapelekwa kizuizini.

Nyanya alisema kwamba jambo lililomtia hofu zaidi halikuwa bunduki, kwa maana mwenye bunduki alionekana. Alichohofu ni kwamba hukujua umeshtakiwa nini, hukujua ameshtaki nani, na hukuwa na mahali pa kusema, "Ngoja kwanza, nami nina neno." Kigunia hakuulizwa swali. Alitikisa kichwa, yakaisha.

Sisemi hata kidogo kwamba programu ya kompyuta ni sawa na mateso ya miaka ile. Kusema hivyo kungekuwa kuwavunjia heshima waliokufa. Ninalosema ni kwamba sisi watu wa milimani, kuliko wengi wengine, tunapaswa kuitambua mapema sura ya hukumu isiyojieleza. Tulipata kuishi chini yake.

Wala tusidhani kwamba jambo hili litatukuta kesho. Limekwisha kutukuta. Mnamo 2023, serikali ilianzisha mfumo mpya wa kufadhili masomo ya vyuo vikuu, ambapo mwanafunzi hujaza habari za jamaa yake kisha kikokotoo kikampima uhitaji wake na kumweka katika kundi. Kikokotoo hicho si akili unde kwa maana kamili, lakini ni ndugu yake: habari huingia upande mmoja, hukumu hutoka upande wa pili, na katikati ni giza. Mwaka 2024 malalamiko yalitanda nchini kote kwamba watoto wa wakulima wadogo walikuwa wamewekwa katika makundi ya wenye nacho, na Desemba 20 mwaka huo Mahakama Kuu ikaamua kwamba mfumo huo ulikiuka Katiba. Mahakama ya Rufani ilisimamisha utekelezaji wa uamuzi huo mnamo Machi 2025. Wanasheria na waendelee na kazi yao. Mimi nauliza tu lile la mwalimu: mzazi wa Mukurwe-ini aliyetaka kujua ni jibu lipi katika fomu lililomfanya aitwe tajiri, angemwuliza nani?

Uingereza nayo imeionja shubiri hiyo. Mnamo Agosti 2020, baada ya mitihani kufutwa kwa sababu ya korona, wakuu wa mitihani wa England walitumia kanuni ya hesabu kukadiria alama za wanafunzi wa A-level, wakizingatia matokeo ya awali ya shule zao. Takriban asilimia 40 ya alama ziliangushwa chini ya makadirio ya walimu. Mtoto hodari katika shule dhaifu aliburutwa chini na historia ya shule yake. Wanafunzi waliandamana, na Agosti 17 kanuni hiyo ikatupwa. Walishinda kwa kuwa walijua la kuuliza na wa kumwuliza.

Kila nchi na kamba yake

Je, ulimwengu unafanya nini? Mnamo Novemba 2021, nchi wanachama 193 wa UNESCO zilipitisha mapendekezo ya maadili ya akili unde: utu uheshimiwe, ubaguzi uepukwe, binadamu abaki kuwa msimamizi. Maneno hayo ni mazuri, ila hayana meno. Novemba 2023, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia sahihi tamko la Bletchley huko Uingereza kuhusu usalama wa akili unde. Nalo ni tamko tu.

Wenye meno ni Umoja wa Ulaya. Sheria yao ilianza kutambulika Agosti 1, 2024, na hupima kila chombo kwa hatari yake. Vyombo vya kuamua nani aingie shule, vya kusahihisha kazi za wanafunzi au vya kuwapeleleza watahiniwa vimewekwa katika daraja la hatari kubwa. Kutumia mashine kusoma hisia za wanafunzi darasani kumepigwa marufuku tangu Februari 2, 2025, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Kampuni inayokiuka makatazo makuu yaweza kutozwa hadi yuro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato yake ya dunia nzima, kutegemea kilicho kikubwa.

Uchina imeshika njia yake. Kanuni zilizoanza kutumika Agosti 15, 2023 zinazitaka kampuni ziwajibike kwa yale ambayo mashine zao hutunga, lakini zinataka pia maandishi hayo yafuate itikadi ya dola. Hapo mlinzi wa raia na mlinzi wa serikali ni mtu mmoja. Marekani nayo imeyumba: Rais Biden alitoa amri ya kuzisimamia mashine hizi Oktoba 2023, na Rais Trump akaifuta Januari 20, 2025, siku ile ile aliyoapishwa.

Basi nchi moja inafunga kamba, nyingine inaifungua, na mashine ni ile ile. Hapo ndipo ugumu ulipo. Chombo kimeundwa California, kimefunzwa na mikono ya Nairobi, kinatumiwa Karatina. Kikikosea, kila mmoja atanyoosha kidole kwa mwenzake.

Je, tuinakili sheria ya Ulaya kama ilivyo? Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Sheria ya Ulaya imeandikwa kwa ajili ya nchi zenye wakaguzi wengi na lugha zilizokwisha kuingizwa katika mashine. Haijui kwamba mtoto wetu huwaza kwa Kikuyu au Kimeru, huzungumza kwa Kiswahili, na huandika mtihani kwa Kiingereza. Umoja wa Afrika ulipitisha mkakati wake wa bara zima Julai 2024, na Kenya ikazindua wake wa miaka 2025 hadi 2030 mnamo Machi 2025. Ni mwanzo mwema. Lakini mkakati ni ramani tu, na anayeshtakiwa hujitetea kwa sheria.

Meno tuliyo nayo

Hata hivyo, tusijidharau. Kenya haiko mikono mitupu, ila wengi wetu hatuijui silaha tuliyo nayo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inasema kwamba mtu ana haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mtambo peke yake, ikiwa uamuzi huo unamwathiri kisheria au kwa uzito mkubwa. Ukifanyika, anapaswa kuarifiwa kwa maandishi, naye aweza kuomba uangaliwe upya. Soma tena maneno hayo, mwalimu mwenzangu. Ndiyo haki ambayo nyanya yangu hakuwa nayo mbele ya gunia.

Na sheria hiyo inauma. Mnamo 2023, kampuni ya Worldcoin iliwapiga Wakenya foleni jijini Nairobi, ikazipiga picha mboni za macho yao kwa malipo ya takriban shilingi 7,000. Serikali iliisimamisha Agosti 2 mwaka huo. Uhispania na Ureno nazo zikaizuia Machi 2024. Mnamo Mei 5, 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru picha hizo zifutwe katika muda wa siku saba. Nchi mbalimbali, kila moja kwa sheria yake, zilifikia jambo moja. Haikuhitajika serikali moja ya dunia. Zilihitajika nchi zenye uti wa mgongo.

Vilevile, vijana waliokuwa wakichuja picha na maneno ya kutisha kwa ajili ya Facebook walikwenda mahakamani Nairobi. Kampuni ya Meta ilijitetea kwamba ni ya kigeni, haiwezi kushtakiwa hapa. Mnamo Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja hiyo. Kampuni ikivuna kwetu, yaweza kuulizwa kwetu.

Najua watakaonipinga. Watasema kwamba sheria kali zitawanyonga vijana wetu wenye vipaji. Hoja hiyo naiheshimu, kwa maana vipaji hivyo viko hapa hapa. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ambacho mizizi yake ni harambee ya wananchi wa Nyeri mwanzoni mwa miaka ya 1970, kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Data Science Africa Juni 2015, wakati wengi wetu hatujasikia hata jina la akili unde. Leo kina kituo chake cha utafiti wa sayansi ya data na akili unde. Wanaofanya kazi huko si wageni wa kutufundisha ustaarabu. Ni watoto wetu.

Lakini nitawajibu kwa kisa cha mizani. Nilipokuwa mdogo nilimsindikiza baba yangu kupeleka buni kiwandani huko Othaya. Mwaka mmoja wakulima walinung'unika kwamba mizani inawaibia. Karani alijibu kama alivyojibu mwenzangu wa Karatina: "Si mimi, ni mizani." Maneno yalikatika siku alipokuja mkaguzi wa vipimo na mawe yake ya chuma yenye uzito unaojulikana, akayapachika, akaitazama mizani, akairekebisha na kuipiga muhuri. Biashara ya kahawa haikufa kwa sababu ya muhuri. Wakulima walirudi kupeleka buni kwa kuwa waliuona.

Akili unde ni mizani ya zama hizi. Inapima insha, inapima mwombaji wa mkopo, inapima uhitaji wa mwanafunzi. Tunachodai ni mkaguzi asiye na hisa katika kiwanda, na mawe ya kupimia yaliyochongwa kwetu. Programu inayouzwa kwa shule za Kenya ipimwe kwanza kwa insha za watoto wa Kenya, na makosa yake yatangazwe. Nchi moja ndogo ikidai hivyo peke yake, yaweza kupuuzwa. Nchi za Afrika Mashariki zikidai kwa sauti moja, zenye soko moja na lugha moja ya Kiswahili, hakuna mfanyabiashara atakayeziba masikio.

Tuanzie darasani

Tukiyangoja mabunge, watoto watakuwa wamekwisha kuumia. Nayaomba mambo matatu kwa walimu wenzangu kuanzia Nyeri hadi Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru.

Kwanza, asiadhibiwe mtoto yeyote kwa neno la mashine pekee. Ukimshuku, mwite, mwulize maana ya maneno aliyotumia, mwambie aandike mbele yako. Mwalimu anayejua sauti ya mwanafunzi wake hahitaji kigunia cha kumtikisia kichwa.

Pili, tusimimine majina, picha na ripoti za watoto katika kila programu inayotangazwa kuwa ya bure. Sheria inataka idhini ya mzazi au mlezi. Mnamo Septemba 2023, shule moja ya viungani mwa Nairobi ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo.

Tatu, tuwafundishe wanafunzi wenyewe. Nanyi wanafunzi, msinielewe vibaya: siwatetei wanaoipa mashine kazi ya nyumbani kisha wakatia sahihi zao chini yake. Huo ni udanganyifu, na sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Anayetaka mashine iulizwe lazima naye awe tayari kuulizwa. Lakini ukihukumiwa na chombo, iwe ni shuleni, benki au ofisi ya serikali, uwe na ujasiri wa kusema kwa heshima: "Nani ameamua hivi, kwa sababu gani, na nikate rufaa kwa nani?"

Juma lililopita mwenzangu wa Karatina alinipigia simu. Walimu wa shule yake wameketi na kuandika kanuni ya mistari minne kuhusu matumizi ya programu zile, na mstari wa kwanza unasema kwamba mwanafunzi atasikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Alimpa yule msichana ausome rasimu yake. Akasahihisha makosa mawili ya sarufi, akairudisha, kisha akauliza kama barua yake ya ufadhili itapelekwa mapema mwaka ujao.

Mwenzangu aliniambia kwamba tayari ameiandika, kwa mkono wake.